Binti wa Mkulima wa Chania na Kazi ya Eksirei

Mto Chania hutelemka kutoka milima ya Nyandarua, ukapita kati ya mashamba ya chai na ya kahawa, hata ukafika mjini Thika, na hapo huanguka kwa kishindo karibu na hoteli ya Blue Posts, iliyofunguliwa mwaka 1908, kabla ya kukutana na mto Thika wenyewe. Juu ya mji huo, kwenye mwinuko mmoja ulio kando ya mto, yuko mzee mmoja mkulima aliyekuwa zamani karani wa bohari katika kiwanda kimoja cha Thika. Alipoacha ukarani alirudi katika shamba la baba yake, akang'oa mibuni ya kale iliyokuwa ikidhoofishwa na magonjwa, akapanda ile iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa na wachunguzi wa kahawa wa Ruiru mwaka 1985. Ni mtu wa hesabu. Kila kilo ya buni aipelekayo kiwandani huiandika katika daftari lake, na kila shilingi itokayo huiandika upande wa pili, hata ile ya kununulia chumvi.

Habari hii ni yake yeye, na mama yake mzazi, na binti yake wa kwanza. Binti huyo, kwa desturi ya Wakikuyu, alipewa jina la nyanya yake mzaa baba, na kwa sababu hiyo baba yake humwita "mama."

Mwaka 2016, wakati wa masika, nyanya aliteleza katika tope mlangoni pa jiko, akaanguka ubavu wa kulia, asiweze kuinuka tena. Jirani alitoa gari lake, naye akalazwa juu ya godoro akapelekwa hospitali mjini, na mjukuu, aliyekuwa kidato cha tatu na yuko nyumbani kwa likizo, alifuatana naye. Katika chumba cha eksirei walimkuta dada mmoja kijana aliyevaa koti jeupe. Yule dada hakumwamuru mgonjwa ajigeuze. Alimwinamia akamwambia, "Shosho, mguu usiuzungushe, uache ulivyo. Mimi nitaizungusha mashine." Kisha akafanya alivyosema: alipiga picha ya kwanza kutoka juu, na ya pili akailaza mashine ubavuni, ili mfupa uliovunjika usichezwe. Ikawa nyanya, aliyepiga kelele njia nzima kutoka nyumbani, hakupiga kelele chumbani humo hata mara moja.

Baadaye yule mzee karani alipewa picha katika bahasha. Akaitoa, akaielekeza dirishani, akaitazama, na uso wake ukabadilika. Mama yake aliumia upande wa kulia, na mfupa uliovunjika katika picha ulikuwa upande wa kushoto! Akarudi chumbani kwa hasira. "Daktari," akasema, "mmetoa picha ya mtu mwingine."

"Mimi si daktari, mzee," yule dada akajibu kwa upole, "na picha ni ya mama yako. Ila umeishika kinyume." Akamwonyesha pembeni herufi ndogo nyeupe, R, ambayo kwa Kiingereza husimama badala ya kulia. Herufi hiyo hukatwa katika madini ya risasi, ambayo mionzi haipiti, huwekwa kando ya mgonjwa kabla ya picha kupigwa, na ikisomeka kinyume ni dalili ya kwamba picha yenyewe imegeuzwa. Akaigeuza. Mzee akaona, akanyamaza. Lakini binti aliyekuwa amesimama nyuma ya baba yake hakuisahau ile herufi. Alifikiri habari ya daktari mpasuaji, ambaye angeweza kupasua mguu mzima na kuuacha mbovu, kama mtu mmoja tu katika chumba kile angekosea kuweka kipande cha madini kisichozidi ukubwa wa ukucha.

Nyanya alipasuliwa, akatiwa chuma katika shingo ya mfupa wa paja, akatembea tena kwa mkongojo.

Mwaka uliofuata binti alifanya mtihani wa kidato cha nne. Mtihani wa mwaka 2017 wakumbukwa kwa ugumu wake: watahiniwa walizidi 600,000, na waliopata alama ya wastani ya C+ na kuendelea, ambayo ndiyo kima cha chini cha kuingilia chuo kikuu, walikuwa 70,000 hivi tu. Yeye alikuwa mmoja wao, alipata C+ kamili, na katika Fizikia alipata B. Nyumbani mbuzi akachinjwa. Kwa kuwa waliofaulu walikuwa wachache, wote waliweza kupewa nafasi katika vyuo vikuu, naye akapewa nafasi ya kusoma shahada ya biashara katika chuo kilicho mbali, somo ambalo hakuliomba kwa moyo bali alilijaza katika fomu kwa sababu fomu ilidai kujazwa. Alilolitaka hasa ni shahada ya radiografia ifundishwayo pale Juja, kati ya Ruiru na Thika, katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, lakini alama zake hazikuifikia. Ilibaki njia moja. Nayo ni stashahada ya miaka mitatu katika Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, kiitwacho KMTC kwa kifupi.

Hapo ndipo matata yalipoanza.

"Baba," akasema jioni moja, "nafasi ile ya biashara sitaitwaa. Nataka kazi ya yule dada wa eksirei."

"Kazi ya kupiga picha?" mzee akauliza. "Mama, wapiga picha wamejaa pale stendi ya Thika, na wengine wao hawakumaliza darasa la nane. Serikali inakupa shahada mkononi, nawe waitupa uokote stashahada?"

Neno hili si la kuchekwa. Mtu aliyekuwa karani kwa miaka mingi amekwisha ona jinsi mwenye shahada apandavyo daraja na asiye nayo abakivyo mezani pale pale, hata kama ndiye aliyemfundisha kazi yule apandaye. Tena baba mdogo wa binti, aliyekuja kunywa chai, aliongeza la kwake: kwamba ile mionzi huunguza tumbo la uzazi, na mwanamke akaaye nayo hazai. Mama wa binti alisikia neno hilo, akaweka chini birika, asiseme kitu. Yamkini ndilo lililokuwa zito kuliko yote.

Basi mzee, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, hakukubali wala hakukataa. Alitwaa daftari jipya, akatenga majuma mawili kabla ya kuchuma kahawa kuanza, akaenda kuuliza mwenyewe. Wazazi wangapi hufanya hivyo? Wengi huuliza kwa jirani, na jirani naye aliuliza kwa shemeji yake.

Kwanza alikwenda Ruiru, kwa mzee mwenzake aliyestaafu baada ya kufanya kazi ya eksirei tangu siku za chumba cha giza. Yule alimkaribisha uani, akamweleza mambo tangu mwanzo wake. Mionzi hii iligunduliwa na mwalimu mmoja Mjerumani, Wilhelm Conrad Röntgen, tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg. Alikuwa akipitisha umeme katika chupa ya kioo iliyotolewa hewa na kufunikwa karatasi nyeusi, akaona kipande cha ubao kilichopakwa dawa kikimetameta mbali na chupa ile, ingawa hakuna nuru iliyotoka. Kwa kuwa hakujua ni mionzi ya namna gani, aliiita kwa herufi ya X, kama vile watu wa hesabu waitavyo kiasi wasichokijua. Kabla ya mwaka kwisha aliupiga picha mkono wa mkewe, ikaonekana mifupa na pete. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya Nobel ya Fizikia, ambayo ndiyo ya kwanza kutolewa, naye hakutaka kuchukua hati ya kumiliki ugunduzi wake.

"Na hapa Afrika?" karani akauliza.

"Hapa Afrika ilifika upesi kuliko ufikirivyo," yule mzee akajibu, akamsimulia habari za daktari wa jeshi la Waingereza aitwaye Battersby, aliyechukua mashine hiyo mpaka Sudani, kando ya mto Nili, mwaka 1898. Umeme haukuwako jangwani. Wakatengeneza baiskeli ya watu wawili, na askari wakaipiga pedali chini ya jua kali ili kuzungusha dainamo, mpaka umeme ukatosha kutafuta risasi katika miili ya majeruhi. Karani alicheka sana, kisha akaandika.

Yule mzee hakuficha ubaya wa mwanzo ule. Watu wa kwanza hawakujua kwamba mionzi hii huchoma. Walijaribu mashine kwa mikono yao wenyewe kila asubuhi, waone kama yafanya kazi vizuri, na baada ya miaka vidole vyao vikaoza. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, alikatwa mikono, hata akafa mwaka 1904. Mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1936 lilisimamishwa jiwe la ukumbusho lililoandikwa majina 169 ya madaktari na mafundi waliouawa na kazi hii. "Basi nduguyo aliyekuambia habari ya tumbo la uzazi," akasema, "hakusema uongo mtupu. Alisema habari ya zamani."

Kisha akamweleza jinsi mambo yalivyo sasa, na maelezo hayo yafaa yaandikwe kwa utaratibu, maana hofu hii imewazuia mabinti wengi.

Mionzi ya eksirei haikai chumbani kama moshi. Hutoka katika chupa ya mashine wakati umeme wa nguvu nyingi, maelfu ya volti, unapoirusha mikondo ya elektroni igonge kipande cha madini ya tangisteni. Sehemu 99 katika 100 za nguvu hiyo hugeuka joto tu, na sehemu 1 hivi ndiyo iwayo mionzi. Kitufe kikiachwa, mionzi imekwisha, kama vile nuru inavyokwisha taa inapozimwa. Mfanyakazi husimama nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi. Akilazimika kukaa karibu na mgonjwa huvaa aproni ya risasi, na umbali wenyewe ni ngao: ukisimama mbali mara mbili, mionzi ikufikiayo hupungua ikawa robo. Tena kifuani huvaa kibandiko kidogo kinachopima mionzi aliyoipata, nacho hupelekwa kusomwa kila baada ya muda uliowekwa.

Karani alitaka tarakimu, akapewa. Kila mtu duniani, hata mkulima asiyejua eksirei, hupata kwa wastani milisiveti 2.4 hivi za mionzi kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Picha moja ya kifua humpa mgonjwa sehemu moja ya kumi ya milisiveti, au chini yake. Picha za tumbo za mashine kubwa ya kompyuta, ile izungukayo, hufika milisiveti 8 au 10, na kwa hiyo hazipigwi ovyo. Mfanyakazi, kwa kipimo kinachokubaliwa na mataifa, hapaswi kuzidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na katika kazi iendeshwayo vyema wengi hawafikii hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Mfanyakazi akiwa na mimba hutoa habari mapema, naye hupangiwa kazi ambayo mtoto aliye tumboni hatapata zaidi ya milisiveti 1 mpaka azaliwe. Kenya ilitunga sheria ya kuwakinga watu na mionzi mwaka 1982.

"Wewe una watoto wangapi?" karani akauliza mwishoni.

"Watano," mzee wa Ruiru akajibu, "na wajukuu wanaokula maembe yako hapo."

Siku nyingine karani alikwenda Juja, kisha Nairobi. Alijifunza huko kwamba njia za kazi hii si moja, na watu huzichanganya. Yuko daktari wa radiolojia, ambaye kazi yake ni kusoma picha na kuandika taarifa ya ugonjwa. Huyo kwanza husoma udaktari kwa miaka 6, hufanya mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, na baadaye husomea radiolojia kwa miaka 4 mingine. Na yuko mtaalamu wa radiografia, apigaye picha yenyewe, kwa stashahada ya miaka 3 au shahada ya miaka 4. Yule dada aliyesema "mimi si daktari" alikuwa wa namna hii ya pili. Wako pia mafundi wa kutengeneza mitambo ya hospitali, wafundishwao KMTC vilevile, na wako wanaoitumia mionzi si kwa kupiga picha bali kwa kuunguza uvimbe wa kansa. KMTC kilianza Nairobi mwaka 1927 na sasa kina matawi mengi, mojawapo likiwa Thika, lakini si kila somo lifundishwalo katika kila tawi, wala masharti ya kuingia hayakai yale yale kila mwaka. Karani alikuta kijana mmoja mlangoni akilia kwa sababu alileta maombi ya somo lisilofundishwa hapo, na siku ya mwisho ilikuwa ile ile.

Mwanafunzi wa radiografia hafundishwi kubonyeza kitufe tu. Hujifunza mifupa yote 206 ya mwili wa mtu mzima na mahali pa kila kiungo, hujifunza fizikia ya umeme na ya mionzi, hujifunza pembe na vipimo. Kwa picha ya kifua mgonjwa husimama akielekeza kifua chake kwenye ubao, mashine ikiwa nyuma yake mbali kiasi cha sentimita 180, mabega yamesukumwa mbele ili mifupa ya bega isifunike mapafu, naye huvuta pumzi akaizuia. Haya yote yana sababu. Mgonjwa akisimama karibu, moyo utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Asipovuta pumzi, mapafu yataonekana machafu, na daktari aweza kumtibu ugonjwa asio nao. Tena hujifunza kumwuliza mwanamke kama ana mimba, kwa adabu, asiwaaibishe watu mbele ya mama mkwe wao.

Na eksirei ni mlango wa kwanza tu. Iko altrasaundi, isiyotumia mionzi bali sauti isiyosikika kwa masikio, ambayo Ian Donald wa Glasgow na wenzake walitangaza matumizi yake kwa akina mama mwaka 1958. Iko mashine ya kompyuta ya kupiga mwili vipande vipande kama mkate, iliyotumiwa kwa mgonjwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1971. Aliyeitengeneza, Godfrey Hounsfield, alishirikiana tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza hesabu zake akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Iko mashine ya sumaku, iitwayo MRI, ambayo sumaku yake haizimwi usiku wala mchana, hata mtu aingiaye na mkasi mfukoni aweza kuona mkasi ule ukiruka. Jambo hili la mkasi lilimpendeza mzee karani kuliko mengine yote, akalisimulia kiwandani kwa siku tatu.

Baada ya hayo alikaa na daftari lake usiku, taa ikiwaka mpaka saa sita. Upande mmoja aliandika shahada ya biashara: miaka minne, chuo mbali, na baada yake kijana atoke kutafuta kazi pamoja na maelfu wenye karatasi ile ile. Upande wa pili stashahada ya radiografia: miaka mitatu, na ufundi ambao mtu asiyejifunza hawezi kuufanya. Aliandika pia kwamba mwaka 2015 Serikali ilianza kukodi mitambo mipya kwa ajili ya hospitali 98 nchini, mbili katika kila kaunti na nyingine chache kubwa, na chini yake akapiga mstari na kuuliza: Nani ataiendesha?

Asubuhi alimwita binti yake. "Mama," akasema, "ng'ombe mmoja atauzwa. Wa pili asiguswe, ni wa maziwa ya nyanya yako. Fedha zikipungua tutaomba mkopo katika ile bodi ya HELB." Binti hakujibu neno, akaenda kukata majani ya ng'ombe wote wawili.

Aliingia chuoni mwaka 2018. Miaka yake haikuwa myepesi. Mwezi Machi 2020, alipokuwa katika kujifunza kwa vitendo, vyuo vyote vya Kenya vilifungwa kwa ajili ya korona, akarudi nyumbani kuchuma kahawa na vitabu vyake vikiwa juu ya kabati. Aliporudi kazini alikuta wapiga picha wamevaa kama wafuga nyuki, wakipiga vifua vya watu wasioweza kupumua, mmoja baada ya mwingine, na kupangusa mashine kwa dawa kila mara. Hapo, asema, ndipo alipofahamu kwamba huko nyuma alikuwa akijifunza tu.

Alimaliza mwaka 2022, na hapa yafaa ukweli usemwe. Hakupata kazi ya Serikali. Tangu mwaka 2013 hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, na kaunti huajiri kwa kadiri ya fedha ilizo nazo, si kwa kadiri ya mashine zilizoko. Miezi kumi alikaa nyumbani. Jirani waliuliza habari za "yule daktari wa picha," na baba mdogo, ambaye habari ya tumbo la uzazi ilikuwa imemwishia, akapata habari mpya ya kusema. Mzee karani alifungua daftari lake la zamani mara nyingi katika miezi hiyo. Hakulalamika mbele ya binti, bali mkewe alimsikia akihesabu usingizini.

Mwishowe kituo kimoja cha binafsi cha kupiga picha, kati ya Ruiru na Thika, kilimwajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja, kikaurudia mara ya pili. Mshahara ni mdogo kuliko ule wa kaunti, na Jumapili nyingine hufanya kazi. Wenzake wawili waliohitimu naye wanajiandaa kwenda Uingereza, ambako lazima mtu asajiliwe na baraza la huko kabla ya kugusa mashine. Wamemwita afuatane nao. Yeye hajakubali. Anaweka akiba asome shahada pale Juja, ambako zamani hakupata nafasi, kisha altrasaundi, maana akina mama wengi huja kituoni na hugeuzwa mchana kwa kuwa mpimaji ameondoka.

Tena kuna jambo ambalo baba yake alilisoma gazetini likamtia wasiwasi upya. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kompyuta zitumiwe kusoma picha za vifua katika kutafuta kifua kikuu kwa watu wenye miaka 15 na zaidi. "Basi na hii nayo itachukuliwa na kompyuta?" akamwuliza. Binti akamweleza kwamba kompyuta husoma picha iliyopigwa, haiwezi kumwambia shosho auache mguu ulivyo, na picha iliyopigwa vibaya huidanganya kompyuta kama imdanganyavyo daktari. Tena uchunguzi wa kifua kikuu uliofanywa Kenya mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wasingalipatikana kwa kuulizwa habari ya kikohozi tu, bali ni picha ya kifua iliyowafichua. Kwa hiyo picha zitahitajika kuwa nyingi zaidi, wala si chache. Mzee alisikiliza, akakubali nusu. Nusu nyingine ameiweka akiba, naye si mjinga kwa kufanya hivyo.

Juu ya mambo mapya asemayo binti, moja humshangaza baba yake hata leo. Katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, isiyo mbali na Ruiru, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, upo mtambo unaoitwa saiklotroni, unaotengeneza dawa yenye mionzi ya kumdungia mgonjwa wa kansa kabla ya picha. Dawa hiyo haiwezi kuwekwa ghalani, maana nguvu yake hupungua ikawa nusu kila dakika 110. Mzee aliyekaa bohari maisha yake yote hakupata kusikia mali ya namna hiyo. "Sasa karani wa hapo," akauliza, "huandika nini katika kitabu?"

Nyanya alifariki mwaka 2023, kwa uzee, akiwa kitandani mwake. Walipokuwa wakipanga vitu vyake waliikuta ile bahasha ya hospitali chini ya godoro, na picha ndani yake haijaharibika. Mzee aliitoa akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akaiinua kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu. Binti yake alikuja akasimama kando yake, akaitwaa polepole kutoka mikononi mwake, akaigeuza, akamrudishia.

"Hapo, baba," akasema. "Kulia."